Herufi moja na 18,000 zangu

Leo naweka PHP kando niongee habari ya kodi, msinikimbie kwanza.

Mzee wangu ni fundi hapa Mtopanga tangu sijazaliwa, na hana senti ya pensheni. Ndiyo maana Januari 2023 nikaanza kutuma 5,000 kila mwezi kwa M-Pesa kwenye mpango binafsi wa pensheni. Kosa langu: kwenye namba ya akaunti niliandika herufi ya mfuko wa akiba ya kawaida badala ya ile ya pensheni. Mimi ninayeshinda nikisaka makosa kwenye programu za wengine! Niligundua Novemba. Kampuni ikazihamishia pensheni zote, Desemba nikatuma ya mwisho. Jumla 60,000.

Juni 2024 nikajaza ritani kwenye iTax. Nikanakili P9 ya mwajiri, nikatuma, nikalala. Asubuhi ndipo nikashtuka: mwajiri hajui habari ya pesa hizi! P9 ilionyesha NSSF peke yake, 12,080.

Kwa wale wasiojua: mwaka ule mchango wa pensheni ulisamehewa kodi kwa kiwango kidogo zaidi kati ya vitatu, yaani ulichochanga, asilimia 30 ya mshahara, au 240,000 kwa mwaka. Tangu 27 Desemba 2024 kikomo ni 30,000 kwa mwezi. Akiba ya kawaida haimo. Sehemu hiyo ya mshahara wangu hutozwa asilimia 30, kwa hiyo nilikuwa nimeacha 18,000 zangu.

Nilivyorekebisha:

1. Niliomba kampuni taarifa mpya inayoonyesha pesa ziko pensheni na tarehe zilipohamishwa. Ile ya zamani ilisema akiba.
2. Kwenye iTax nilichagua ritani ya marekebisho.
3. Kwenye faili la Excel, ukurasa wa hesabu ya kodi, niliandika 72,080, si 60,000. NSSF nayo huhesabiwa humo.
4. Nikahakiki, nikapandisha faili, nikaomba kurudishiwa.

Marekebisho yanaruhusiwa ndani ya miaka 5, basi uliyesahau bado una nafasi.

Mzee aliniuliza mbona nimekodolea kompyuta macho. Nikamwambia natafuta pesa zangu za uzeeni. Akacheka: "Na zangu je, mwanangu?"

Sasa kila mwezi natoa 2,000 nyingine. Hiyo haiandikwi kwenye ritani yoyote.

Haya, kagueni P9 zenu kabla ya 30 Juni. Tuonane.