Mbaazi Zangu Nilizikuta Takaungu

Mimi ni mkulima wa upande wa Mbooni, katika Ukambani, na zao langu kubwa ni mbaazi, ambazo kwetu huitwa nzuu. Nimezipanda tangu ujana wangu, nimezila tangu nilipoota meno, na kwa kusema kweli nilikuwa nimezichoka. Kwetu huchemshwa pamoja na mahindi zikatiwa chumvi, basi. Ni chakula cha kujaza tumbo, wala hakuna mtu aliyepata kunialika kwake kwa ajili ya mbaazi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Serikali ya India ilitoa amri kwamba mbaazi ziingiazo nchini humo kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Sisi tulio milimani hatukuisikia amri hiyo ila kwa vinywa vya wanunuzi, ambao walianza kututajia bei ya kutukana. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpa bwana mmoja wa Mombasa magunia tisa, kwa ahadi ya kulipwa baada ya majuma mawili. Majuma yakawa matano. Nikamwambia mke wangu kwamba mvua zikianza, shamba lote la chini nitalitia mahindi, na habari ya mbaazi imekwisha. Naye akanyamaza, maana karo ya mtoto ilikuwa haijalipwa. Ndipo nikashuka Mombasa kudai fedha zangu.

Mambo ya Mombasa nayapita upesi. Bwana yule alinipokea kwa maneno matamu, akaniambia nirudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kwa kuwa sikuwa na fedha za kulala mjini siku tatu, nikaenda Kilifi kwa mpwa wangu, ambaye ni karani huko. Siku ya pili yake akaniambia, "Mjomba, twende Takaungu kwa mama wa rafiki yangu, ukaone mji wa kale."

Takaungu ni mji mdogo kando ya mkono wa bahari, kusini ya Kilifi, ambako baadhi ya Wamazrui walihamia baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Kabla ya kuondoka nilitia katika mfuko wangu mkate na mayai sita ya kuchemsha. Samaki sikumzoea, na niliogopa kwamba nitawekewa kichwa cha samaki mbele yangu, nami nitamfedhehesha mpwa wangu. Mfuko ule niliushika mapajani kama mtu achungaye fedha.

Mchana tuliwekewa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alikuwa amechomwa juu ya makaa, kisha akapakwa tui zito lililopikwa na tangawizi, thomu, pilipili na ukwaju, akarudishwa motoni hata tui likamshika. Nilimega kidogo kwa adabu. Kisha nikamega tena, na mara hii haikuwa adabu. Mpwa wangu alinitazama akacheka, asiseme neno.

Lakini jambo lililonishinda lilikuwa asubuhi yake. Aliletewa kila mtu mahamri ya moto yenye harufu ya iliki, na bakuli la kitu cha rangi ya manjano, kizito, chenye mafuta ya nazi yanayong'aa juu. Nilichovya hamri nikala. Nikachovya tena. Ilikuwa mara ya tatu ndipo nilipoitazama punje moja vizuri, nikaitambua kama mtu atambuavyo mbuzi wake katika kundi la jirani.

Nikamwuliza mwenye nyumba, "Mama, hizi si mbaazi?"

"Ndizo, baba. Mbaazi za nazi. Kwani kwenu hamzili?"

"Twazila, lakini si hizi."

Akacheka sana, akanieleza. Mbaazi hurowekwa usiku kucha, zikachemshwa hata ziive bila kupasuka. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa tui la kwanza likawekwa kando. Tui jepesi la pili ndilo huingia kwanza, pamoja na kitunguu, manjano na pilipili mbichi. Tui zito hutiwa mwisho, na hapo mpishi asiache kukoroga, maana likiachwa hukatika.

"Na mbaazi zenyewe mwazipata wapi?" nikauliza.

"Dukani. Zatoka bara, kwenu huko. Ila siku hizi zaja na mawe na fukusi, nami kila siku huchagua hata macho yaniuma. Zikiwa safi hivi, hununua za miezi miwili."

Neno hilo lilinichoma kidogo, kwa sababu nami nimepata kufunga magunia bila kupepeta vema. Sikulikiri. Mayai yangu niliwapa watoto wa nyumba ile, wakayala kwa furaha.

Jumapili hiyo mpwa wangu alinipeleka hata Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Njiani, Malindi, tuliingia katika hoteli yenye vioo na vitambaa, tukalipa fedha nyingi kwa nyama ngumu kama kiatu. Mambrui tulinunua mkate wa sinia barazani kwa mama mmoja: mchele uliosagwa na nazi na sukari, ukaumuliwa kwa hamira, ukaokwa kwa makaa juu na chini. Tuliula tumesimama, tukarudi kuomba mwingine.

Jumatatu bwana wa Mombasa alinilipa magunia manne, na matano akasema ningoje. Nilitoa karo, na fedha zilizobaki nikanunua nazi sita na mbuzi ya kukunia, ambayo abiria wenzangu ndani ya basi waliniuliza kama ni kigoda cha mjukuu.

Mke wangu alijaribu mara ya kwanza, tui likakatika. Mara ya pili mbaazi zikapondeka zikawa uji. Mara ya tatu nilikaa jikoni mwenyewe nikikoroga, jambo ambalo jirani zangu wangali wanalisema. Alikula bakuli mbili, kimya. Kisha akafuta mikono, akaniuliza kama ile mbegu ya shamba la chini nilikwisha iuza au ingali ghalani.