Mraba na Trei ya Mayai

Tangu utotoni nilikuwa naogopa hesabu, na hofu hiyo niliificha hadi nilipoingia chuo kikuu kusomea Kiswahili. Nyumbani kwetu Bujumbura nilihesabiwa kuwa msomi. Kwa hiyo, wakati wa likizo, mama aliponiambia nimsaidie mdogo wangu kujiandaa kwa mtihani wa taifa wa darasa la tisa, sikuthubutu kukataa.

Swali la kwanza katika daftari lake lilikuwa jepesi: tafuta 4². Alikuwa ameandika 8. Nilishtuka, maana kosa hilo nililifahamu vizuri. Kwa miaka mingi nami nilikuwa nikiiona ile 2 ndogo, nazidisha kwa mbili. Tulisoma hesabu kwa Kifaransa, nikakariri kanuni kama mtu anavyokariri namba ya simu.

Safari hii nilikuwa na neno la Kiswahili: mraba. Katika masomo yetu ya lugha tumezoea kuuliza kwa nini kitu kinaitwa hivyo. Basi nikajiuliza, kwa nini namba ipewe jina la umbo? Tukakusanya vizibo vya soda, tukavipanga sakafuni: mistari 4, kila mstari vizibo 4. Mdogo wangu akahesabu 16.

"Ile 8 yako ni mistari miwili tu," nikamwambia. Akatazama, akacheka.

Kisha akaonyesha mayai ambayo mama huuza. "Dada, na trei je? Nayo ni mraba?"

Kwa macho nilitaka kujibu ndiyo. Nikajizuia, tukahesabu. Upande mmoja mayai 5, upande wa pili 6, jumla 30. Kumbe si mraba kamili! Tukitoa mstari wa mayai 5, yanabaki 25, yaani 5 × 5. Tukiongeza mstari wa mayai 6, yanakuwa 36, yaani 6 × 6. Lakini hakuna namba nzima inayojizidisha yenyewe ikaleta 30.

Tukaendelea na namba tasa. 36 ni 2 × 2 × 3 × 3: kila moja ina mwenzake. 30 ni 2 × 3 × 5: kila moja iko peke yake. Kwa njia hiyo hata 144 haikututisha. Ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3, jozi tatu. Ukichukua moja katika kila jozi unapata 2 × 2 × 3, na kipeuo chake cha pili ni 12.

Jioni ile nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi nilikuwa naandika 8, na kwamba hesabu iliwahi kuniliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilidhani ni mimi tu nisiyejua." Kuanzia siku hiyo aliacha kufunika daftari lake kwa mkono nilipokaribia.

Baadaye nilikumbuka kwamba Kifaransa nacho kinatumia neno moja kwa umbo na kwa namba. Kosa halikuwa la lugha. Nilipokuwa mdogo sikuuliza neno lile lina maana gani, na hakuna aliyenitaka niulize. Wenzangu tunaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili, tusidhani kwamba kazi yetu inaishia kwenye ushairi na sarufi. Mtoto anayeandika 8 huenda anasubiri tu mtu wa kumweleza neno.