Kivuli Hakina Mpaka

Babu yangu alikuwa muadhini wa msikiti mdogo mtaani kwetu Pangani, na saa yake ilikuwa kivuli. Alasiri ikikaribia alisimama peku uani, akatuambia tuweke kijiti pale kilipoishia kivuli cha kichwa chake, kisha akakipima kwa nyayo, kisigino kikigusa kidole gumba. Mtu ana urefu wa nyayo zake mwenyewe zipatazo 7. Babu alijua kivuli cha adhuhuri kilikuwa nyayo ngapi msimu ule. Akijumlisha 7, na kivuli kikafika hapo, alasiri imeingia, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu wa pwani.

Kivuli hicho cha adhuhuri kilinishangaza sana. Mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini, kiliangukia kusini, karibu nyayo 4. Desemba kiligeukia kaskazini, kikafupika hadi nyayo 2 na kitu. Katikati ya safari hiyo, mapema Machi na tena mapema Oktoba, jua lilipita utosini, nasi tukawa tunakanyaga vivuli vyetu wenyewe. "Mjukuu wangu," Babu aliniambia, "leo hata nguzo haina kivuli cha kukupa."

Uani palikuwa na mwembe. Asubuhi kivuli chake kilielekea magharibi, barazani kwa baba mdogo, na kina mama wakachambulia mchele huko. Baada ya adhuhuri kilihamia kwetu, na majamvi yakakifuata. Hapo posa zilijibiwa, matanga yalikaliwa, na ndugu waliokosana walikaa pamoja wapende wasipende, maana pengine kote palikuwa jua. Watu husema mchumia juani hulia kivulini. Babu alipenda kutukumbusha kwamba aliyepanda mwembe ule alikuwa babu yake, na hakuwahi kuuona umetanda. Juani alichuma yeye, kivulini tukala sisi.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Msikitini iliwekwa saa ya ukutani, ikafuata kalenda ya nyakati za sala, na sasa simu huadhini mfukoni. Hesabu ya alasiri katika kalenda hizo ni ya kivuli kilekile, ila anaifanya mtu mwingine, mbali nasi. Tuliacha kutoka nje kutazama, na watoto wetu wakakua bila kujua kwamba kivuli cha Juni na cha Desemba havielekei upande mmoja.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kuliona likibaki pete. Kwetu lilimegeka tu. Niliwaita watoto chini ya mwembe, tukatazama mchangani: kila mwanya kati ya majani ulipitisha mwanga uliochora hilali, na ua mzima ukajaa hilali ndogo ndogo. Babu alikuwa ameshafariki. Baba alizitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuswali sala ya kupatwa kwa jua.

Baba naye alipofariki, kiwanja kiligawanywa. Hakuna aliyedhulumiwa, kila mrithi alipata haki yake kama sheria inavyoagiza. Mwembe uliangukia kwenye fungu la aliyehitaji kujenga, ukakatwa. Leo kila nyumba ina bati lake na kibaraza chake. Vikao vya ukoo vimehamia kwenye simu, na msiba ukitokea tunakodi turubai, linalofunguliwa wageni wakishaondoka.

Ardhi inagawika, lakini kivuli kila siku kilivuka kutoka fungu la mmoja kwenda la mwingine bila kumwomba mtu ruhusa. Hicho ndicho kilichotuweka pamoja, na hakuna aliyekipigia hesabu. Dini yetu inatupa njia ya kukilinda: mti unaweza kuwekwa wakfu kwa ajili ya ukoo, pamoja na mahali uliposimama, usigawiwe wala usiuzwe, manufaa yake yawe ya wote. Nawasihi wenye wazazi wazee na miti mikubwa uani walizungumze jambo hili sasa, na mzazi aliandike mbele ya mashahidi angali hai na ana siha yake. Warithi wakishaketi kugawana, mti huhesabiwa kwa mbao na kuni zake tu.