Tiba ya Urafiki katika Ngano Zetu

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii huandikwa sana katika insha za wanafunzi, lakini ni wachache watambuao kwamba wanawake wetu wa pwani waliifafanua zamani kwa njia ya ngano. Katika ngano hizo wanyama husema, nyoka huwa na vichwa saba, na fukara hulala jaani akaamka jumbani. Kwa sababu ya maajabu hayo, wapo wasomi wazionao kuwa ni porojo za kuwalaza watoto. Sisi hatukubaliani nao.

Na tuitazame ngano ya Sultani Darai, iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na mmisionari Edward Steere katika kitabu chake cha mwaka 1870. Fukara mmoja alipata thumuni jaani, akanunua paa. Kumbe paa yule alikuwa na akili na ulimi! Alimposea bwana wake binti wa sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba, akampa bwana jumba la nyoka na mali yake yote. Jumbani humo alikuwamo bi kizee mtumishi. Siku paa alipougua, alimtuma bi kizee huyo ghorofani kwa bwana. Bwana aliyepewa kila kitu akaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama, basi. Hapo ndipo wanawake wawili wale, mmoja binti wa sultani na mmoja mtumishi, walipokuwa kitu kimoja: mmoja analia juu, mwenziwe analia chini, na chakula chema kinateremshwa kwa siri.

Hata hivyo, paa hakupona. Alikufa kwa uchungu wa moyo, akatupwa kisimani. Mke aliota yumo nyumbani kwa baba yake, akaamka akajikuta yumo kweli; mume akaamka jaani, akipekua taka kama zamani. Basi tiba iko wapi? Jibu la swali hili tulilipata tungali wadogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama yetu alijifungua mtoto ambaye hakuishi hata juma moja. Mama hakulia. Alikaa kitandani akiutazama ukuta, na chakula akikirudisha. Zahanati walimpa dawa ya kuongeza damu, akainywa, lakini hakusema neno. Shoga yake, ambaye sisi tulimwita Mama Mkubwa, alikuja kila jioni atokapo shamba. Alimkanda kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa pilipili manga, kisha akaketi mkekani na kuita, "Paukwa!" Sisi watoto tukaitika, "Pakawa!" Mama alinyamaza.

Jioni moja ikawa zamu ya ngano ya paa. Ilipofika paa kutupwa kisimani, mama aliangua kilio. Mama Mkubwa hakumnyamazisha, wala hakuimaliza hadithi. Alimshika mkono akasema, "Mlilie, shoga yangu. Mlilie paa wetu." Watu wazima wote waliokuwamo walijua ni nani aliyekuwa akililiwa. Kesho yake mama aliomba uji kwa kinywa chake.

Hatusemi kwamba ngano hushinda sindano, wala kwamba mgonjwa azuiliwe kwenda hospitali. Twasema kwamba lipo jeraha ambalo mwenye nalo hawezi kulitaja, na ngano humwazima jina la kulitajia. Tena dawa hiyo haitolewi na mpita njia. Mama Mkubwa alikuwa amekuja jioni nyingi kabla ya ile. Alikwisha kukanda mgongo na kufua nguo. Kama bi kizee na binti wa sultani, hakuwa na uwezo wa kumrudisha aliyekufa. Alikuwa na uwezo wa kutomwacha mwenziwe peke yake, na huo ndio ajabu mkubwa kuliko paa asemaye.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi, mnapokwenda kuzikusanya ngano za bibi zenu, msiridhike kuandika funzo lake tu na kufunga daftari. Ulizeni pia: ngano hii ilisimuliwa na nani, kwa nani, na usiku ule nyumbani mle palikuwa na msiba gani? Majibu hayo nayo ni utamaduni wa taifa, na wenye kuyajua wanazidi kupungua.