Picha ya Mwezi wa Machi

Mwezi Januari mwaka jana tulipanda Mgeta tukiwa na kalenda kumi kwenye begi. Sisi ni mafrateri wanne wa falsafa, na kila mwisho wa mwezi tunatumwa kufanya utume katika kigango kimoja huko juu Uluguru, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale bodaboda zinapogeuzia. Kalenda zilikuwa zimechapwa kwa ajili ya wafadhili wa ng'ambo. Nakala zilizobaki tuliambiwa tuwapelekee waamini, nasi tuliona ni zawadi nzuri, kwa sababu picha ya mwezi wa Machi tulikuwa tumeipiga sisi wenyewe palepale kigangoni.

Baada ya ibada ya Jumapili bila padre, mama mmoja alianza kufungua kalenda ukurasa kwa ukurasa. Alipofika Machi alinyamaza. Ni yeye. Anashuka na tenga la kabichi kichwani, peku, kanga imelowa hadi magotini, uso umekunjamana kwa uzito wa mzigo. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Akamwomba katekista amtafsirie. Katekista alitutazama kwanza, kisha akatafsiri: akina mama wa milimani wanaishi katika ufukara mkubwa na wanasubiri msaada wako.

"Wanangu," alisema, "siku ile nilikuwa nimevuka mto. Viatu nilivishika mkononi." Akaweka kidole pembeni mwa picha. "Mkono wangu mmeukata."

Ilikuwa kweli. Picha ilikuwa pana mno kwa ukurasa, nasi tukaipunguza upande wa kulia ili uso uonekane vizuri zaidi. Tulipoitafuta ile ya awali kwenye simu, mkono ulikuwepo, na viatu vya plastiki vya buluu vilikuwa vinaning'inia kwenye vidole. Mama akaongeza jambo lililotuuma kuliko hilo la viatu. Kabichi zile ni zake, zimelimwa katika ardhi aliyoipata kwa ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na siku hiyo alikuwa anakwenda sokoni kuuza. Hakuwa anaomba chochote kwa mtu yeyote.

Ndugu msomaji, muhula ule tulikuwa tunamsoma Kant. Ile kanuni yake kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo tulikuwa tumeiandika kwenye mtihani, na wote wanne tulifaulu.

Lazima tuseme pia upande wa pili, maana bila huo tutakuwa tunajitafutia sifa ya kutubu. Fedha zilizotokana na kalenda zile zilichangia tangi la maji la kigango. Mama yuleyule anateka maji hapo. Tulipomwomba msamaha alisema tangi analishukuru, na msamaha ametupa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu siku ile: "Sasa wale wazungu, wakija kuniona nimevaa viatu, watalichukua tangi lao?"

Tulishuka kimya. Atakayepewa upadre kesho ndiye atakayeandika barua za kuomba msaada keshokutwa, na kila barua huambatana na picha. Tulijiuliza kama hiyo ndiyo kazi tunayoandaliwa kuifanya.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Bagamoyo, na yeye ndiye aliyekumbuka habari ya Chambezi. Mwaka 2011 wakulima wa eneo hilo wilayani Bagamoyo walianza kitu kilichoitwa Sauti ya Wakulima. Walikuwa kama kumi, wanawake watano na wanaume watano, na simu janja mbili tu. Simu zilizungushwa kwa zamu. Aliyekuwa nayo alipiga picha shambani, akarekodi sauti yake akieleza anachokiona, na vyote viwili vikaenda kwenye intaneti pamoja. Mtaalamu wa programu kutoka Mexico, Eugenio Tisselli, alikuwa mmoja wa waliowasaidia kuanzisha mpango huo. Mwanzoni ulilenga kukusanya ushahidi wa athari za mabadiliko ya tabianchi: ukame, wadudu, mazao yaliyonyauka. Wakulima waliyapiga hayo, lakini hawakuishia hapo. Waligeuka kuwa waandishi wa habari. Walikwenda kwa wakulima wenzao, wakawahoji namna wanavyolima, wakajifunza kwao.

Kilichotuvutia kuliko vyote ni Jumatatu. Kila Jumatatu kikundi kilikutana, wakafungua kompyuta mpakato, wakatazama pamoja picha za wiki nzima na kusikiliza sauti zao, kisha simu zikabadilisha mikono. Sisi tulikuwa tumepiga mamia ya picha Mgeta na hatukuwahi hata mara moja kukaa na wenye sura zile kuzitazama. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayopita mbele ya macho ya mtu anayesoma falsafa kutwa nzima. Na maji ya Mgeta huingia mto Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo. Yaani hekima hiyo ilikuwa inatungoja mwisho wa mto uleule mama alioutaja.

Suala lenyewe ni la zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema kwa Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu fupi 35, zikazungushwa vijijini kwa lori, nyingi za kuwafundisha watu kilimo na afya. Waafrika waliigiza na walisaidia kazi. Wenye kuamua nini kionyeshwe walikuwa wengine. Tangu hapo wamepita wengi waliojaribu kuigeuza kamera. Kampala kuna Maisha Film Lab, aliyoianzisha Mira Nair mwaka 2004 ili vijana wa Afrika Mashariki wajifunze kutengeneza filamu zao. Goma, mji ambao kamera za dunia huukumbuka vita vinapolipuka, kuna Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo, ambako vijana hujifunza filamu na kucheza dansi. Hao ni watu wa fani. Sisi tulikuwa na simu moja ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

Tuliipeleka mwezi wa Februari. Tulimkabidhi yule mama kwanza, kisha ikazunguka katika Jumuiya Ndogo Ndogo, ikichajiwa kwenye sola ya katekista. Masharti yalikuwa mawili: mpigaji aseme kwa sauti kwa nini amepiga, na picha yoyote isitoke kigangoni kabla hatujaitazama wote. Kwa kweli tulitarajia kupata picha za shida, safari hii zikiwa zimepigwa na wenye shida. Hapo napo tulikosea.

Picha nyingi zilikuwa za mipaka. Mti fulani, jiwe fulani, mfereji fulani, na sauti ya mwanamke ikitaja bibi aliyeupanda mti ule na mabinti waliourithi. Akina mama walikuwa wanaandika hati za mashamba yao bila kutuambia. Kijana mmoja alipiga picha kumi na moja za pikipiki moja. (Zilitazamwa zote, kwa heshima, sharti ni sharti.) Mzee mmoja alipiga mteremko uliofunikwa na nyasi, usio na kitu chochote machoni petu. Kwenye sauti alieleza: hapa palikuwa na matuta ya ngazi, yale ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi watu walipokataa na ghasia kuzuka mwaka 1955, mpango ukaachwa. Mama yake alichimba hapo kwa jembe la mkono. Alitaka mahali hapo paonekane kabla hajafa. Sisi tulikuwa tumeupita mteremko ule kila mwezi, tukipiga picha za maporomoko ya maji yaliyo mbele yake.

Siku ya kutazama tuliazima projekta ya parokia na kutandika shuka jeupe ukutani mwa kanisa. Umeme wa sola ulitosha dakika arobaini. Watu walicheka, walibishana kuhusu mipaka, na picha mbili zilifutwa palepale kwa sababu wenye sura zile walikataa. Mmoja wa waliokataa alikuwa binti aliyepigwa akiwa amebeba kuni. Hakutoa sababu, wala hakuna aliyemdai.

Mwezi wa Oktoba mlezi wetu alituomba picha za kalenda mpya. Tulimweleza yote, pamoja na habari ya viatu. Alisikiliza, akauliza kama wafadhili wataelewa mteremko wa nyasi, nasi hatukuwa na jibu. Alisema tulete chaguo la kigango, ataliangalia.

Tulipanda tena. Kigango kilichagua picha ya yule mzee kwa mwezi wa Julai, na kwa mwezi wa Machi wakachagua picha iliyopigwa na yule mama. Ni sisi. Wawili tumelala chali kwenye nyasi pembeni mwa njia, mmoja ameshika ubavu, wa nne amevua viatu na anachungulia lengelenge kisiginoni. Kanzu zimejaa tope. Nyuma yetu yupo binti wa mama huyo, miaka kama kumi, amesimama wima na begi letu kichwani, anasubiri tupumzike tuendelee.

Kwenye sauti mama anasema mafrateri hawa wametoka mjini, wana njaa, na wanahitaji msaada wako.

Tumeipeleka kwa mlezi pamoja na maneno hayo, tafsiri ya Kiingereza ikiwa chini. Alicheka sana. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka kwenye droo ya meza yake, na hadi tunapoandika haya hajatuambia lolote.