Mvua ya Nizwa

Mji wa Nizwa uko bara ya nchi ya Oman, yapata kilomita 160 kutoka Maskati, chini ya milima mirefu ya Hajar. Msafiri atokaye pwani ya Kenya hustaajabu kuona nchi ya mawe matupu, na katikati ya mawe hayo mashamba ya mitende yaliyositawi. Siri yake ni falaj, yaani mfereji uletao maji kutoka chini ya ardhi. Falaj Daris ya Nizwa ni mmojawapo wa mifereji mitano ya Oman iliyotiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda: kila mwenye shamba ana zamu yake, na fungu moja ni kama nusu saa. Zamani zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Wakulima wanaogombana juu ya mpaka wa hatua mbili wangefaa kupelekwa huko wakatazame. Na Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, Waomani humkumbuka pia kwa mifereji na mitende.

Kijana mmoja wa Kwale alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini humo. Miaka miwili ilikuwa imepita, naye hakuipenda nchi ile. Joto la Julai hupita digrii 40, na mawe hutoa moto hata usiku. Kwao alizoea masika, akailaani mvua kila barabara ilipogeuka tope. Baba yake, mkulima wa mahindi na minazi, alikuwa na desturi ya kuketi mlangoni mvua ya kwanza inyeshapo, akiwakataza watoto wasiseme neno. Kijana aliona ni ukaidi wa uzee tu.

Ukame ulipozidi mwaka ule, watu wa Nizwa walitoka kwenda uwanjani kusali sala ya kuomba mvua. Walisali rakaa mbili, na imamu akaligeuza joho lake nje ndani, kuomba hali nayo igeuzwe. Kijana hakwenda. Alisema ana hesabu za duka.

Majuma machache baadaye, alasiri, wingu jeusi lilipanda juu ya Jebel Akhdar. Ulivuma upepo wa vumbi, kisha ngurumo, kisha matone makubwa kama kokwa za tende. Kijana alifunga duka upesi, akaliendea gari lake ili avuke wadi, lile bonde kavu lipitalo mjini, afike chumbani kwake.

Mzee mmoja akamshika mkono, akasema kwa Kiswahili cha Unguja, kwa maana alizaliwa huko akahamia Oman baada ya mwaka 1970, kama wengine wengi: "Mwanangu, usivuke. Wadi haibishi hodi."

"Lakini bonde ni kavu, mzee wangu."

"Maji yamekwisha kuondoka mlimani."

Haukupita muda, maji ya rangi ya udongo yakashuka kwa kishindo, yakibeba magogo na mawe, na njia ya magari ikafunikwa. Mzee hakusema kwa kutisha tu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu wapatao ishirini katika Oman, na miongoni mwao watoto wa shule.

Wakasimama ukingoni. Mzee alivua kilemba chake, akainua uso, akaiacha mvua impige. Akaeleza kwamba Mtume naye alijifunua mwili ili mvua imguse, kwa kuwa ilikuwa imetoka punde kwa Mola wake. Pande zote watu walikuwa wamesimama vivyo hivyo, wenye mashamba na wachukuzi wa sokoni. Kijana akatazama kanzu yake. Mvua ile aliyokataa kuiomba ilikuwa imemlowesha sawasawa na wale walioiomba. Alitaka kumwambia mzee jambo hilo, akashindwa. Akavua kofia.

Usiku ule alimpigia baba yake simu, akamwambia kwamba Nizwa imenyesha.

"Imenyesha muda gani?" akauliza baba.

"Saa moja kasoro."

Baba akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza pale mlangoni. Mara hii kijana naye hakusema neno, wakakaa hivyo hata fedha ya simu ikaisha.