Ngazi ya Basi

Je, umewahi kusafiri kwa basi pamoja na mtu mwenye goti bovu? Mimi nimewahi. Mtu huyo ni mama yangu mzazi.

Mwaka 2014 tulikuwa Kimara, Dar es Salaam. Tulitaka kwenda hospitali mjini. Daladala ilipofika, watu walisukumana. Wengine waliingilia dirishani. Mama alishika chuma cha mlango, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Ngazi ile ilikuwa juu, karibu na goti lake. Kabla hajainua mguu wa pili, gari liliondoka. Mama alianguka, akachubuka mikono yote miwili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi mjini siendi tena." Kweli hakwenda. Goti likazidi kuvimba.

Mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka uliofuata nilimbembeleza mama siku tatu, akakubali kujaribu. Tulitoka saa nne, maana asubuhi na mapema watu huwa wengi mno.

Kituo kilikuwa katikati ya barabara, chini ya paa. Tulikata tikiti dirishani, Sh. 650 kila mmoja, kabla ya kuingia. Basi likaja katika njia yake peke yake. Magari mengine yalikuwa yamesimama kwenye foleni. Mlango ulipofunguka, mama alitazama chini, akatafuta ngazi. Hakuiona. Sakafu ya basi na sakafu ya kituo zilikuwa karibu sawa. Akavuka kama mtu atokaye sebuleni kwenda chumbani.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mji wa Curitiba, nchini Brazil, ulitenga njia za mabasi mwaka 1974. Mwaka 1991 ukajenga vituo vya mfano wa bomba, ambamo abiria hulipa kwanza, kisha huingia basini bila kupanda ngazi. Fikiri mwenyewe. Watu 40 wakipanda ngazi mmoja mmoja, huku kila mmoja akitafuta chenji, basi litasimama muda gani? Wakiwa wamekwisha kulipa, na milango ni mipana, wataingia upesi. Na basi lenye urefu wa mita 18 hubeba watu zaidi ya 100. Watu hao wangepanda magari madogo, moshi na foleni vingekuwaje?

Lakini mama hakusema habari za moshi. Alikuwa anasoma vibao vya vituo, maana alijifunza kusoma ukubwani. Tulipokaribia kituo chetu akasoma kwa sauti, "Fi-re." Abiria wakacheka, kwa kuwa wote husema "Faya". Mama naye akacheka. Tukashuka.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, nilimkuta amekwisha kuvaa viatu.